Kanda ya Mzee Anania na Mwisho Wake wa Taratibu

Anania Nduwayezu wa Nyakitonto ni mkulima wa maharage na kahawa, na kwa kumtazama tu, jembe begani na kofia ya pama iliyokwisha kukunjamana, huwezi kudhani kwamba ana maoni juu ya fidla. Anayo. Anayo mengi kuliko majirani zake wanavyopenda, maana wakimwona anakuja na redio-kaseti kwapani hukumbuka ghafla kwamba kuna mbuzi hawajamfunga.

Kanda yenyewe anayo moja tu. Alipewa na padre mmoja mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, zamani, Anania akiwa kijana wa kumbebea masanduku. Mwenzake waliyekuwa wakibeba naye alipewa baiskeli. Anania akapewa kanda, na kwa miaka kadhaa aliamini kwamba ameonewa. Jalada lilipotea, maandishi ya juu yakafutika kwa jasho la vidole, kwa hiyo hakujua nani alitunga muziki ule wala nani aliuongoza. Alijua tu kwamba ni wa orkestra nzima, hauna mwimbaji hata mmoja, una sehemu nne, na sehemu ya nne ndiyo iliyomfanya aache kuitamani baiskeli ya mwenzake.

Hapa inabidi lisemwe jambo ambalo Anania mwenyewe hakuwahi kulitia akilini. Redio-kaseti yake inatumia betri kubwa sita, na tundu la waya wa umeme panya walilimaliza siku nyingi. Marehemu mkewe, Epifania, mwanamke wa haki na wa kubana matumizi, aliweka sheria nyumbani: betri mpya ni za taarifa ya habari, matangazo ya vifo na misa ya redioni. Zikichoka zinaanikwa juu ya bati kutwa nzima, zinang'atwang'atwa kidogo kwa meno, ndipo vinanda vya padre navyo vipate chao. Epifania alifariki, Mungu amrehemu, lakini sheria yake haikufariki. Kila alipotaka kusikiliza kanda, Anania alianika betri, akazigeuzageuza juani kama mihogo.

Betri za namna hiyo hurudi na nguvu za kuazima. Sehemu ya kwanza ya muziki zinakwenda vizuri, ya pili zinahema, ya tatu zinajikongoja, na ikifika ya nne fidla zinaanza kuvuta miguu, zinashuka, zinazama katika sauti nzito ya chini kabisa, mpaka noti ya mwisho inalala chini kama ng'ombe aliyeshiba. Anania alidhani ndivyo ulivyotungwa. Kila ulipofika hapo alikaa kimya kibarazani, macho yamemlowa, akimshukuru Mungu kwa kumjalia masikio.

Mambo yangebaki hapo, kati yake na mbuzi wa jirani, kama si Bazilio. Huyu Bazilio ndiye mpiga kinanda wa parokia moja mjini Kasulu, mtu wa tai hata siku za joto. Siku moja alifika Nyakitonto kwenye ubatizo, akapita mbele ya nyumba ya Anania wakati kanda ndiyo kwanza inaanza. Alisimama kama aliyeitwa jina. Muziki ule alikuwa nao kwenye memori kadi yake. Hakungoja hata kipande cha pili, maana ubatizo ulikuwa na pilau, lakini aliondoka na namba ya simu ya Anania, na kabla ya jioni Anania alikwisha kuingizwa kwenye grupu la WhatsApp liitwalo Masikio.

Masikio lina watu wengi wa kusoma na kunyamaza. Wanaosema ni wanne. Wa kwanza ni Bazilio. Wa pili ni Therese, mama Mkongo anayeuza vitenge na sabuni katika kambi ya Nyarugusu, ambaye kwao aliimba kwaya mpaka vita vilipoitawanya. Wa tatu ni Vestina, mwalimu mstaafu wa Busunzu, kule Kibondo, mjane. Na wa nne ndiye huyu wetu. Kila wiki Bazilio anatuma rekodi moja ya muziki wa kizungu wa zamani, watu wanasikiliza shambani, jikoni au dukani, kisha wanarekodi sauti kueleza walichosikia. Sheria ni mbili. Sema ulichosikia, usiseme unachojua. Na hakuna kumkatiza mtu mpaka aseme "nashusha mrija," kama wazee walivyofanya wakinywa pombe ya mtungi mmoja, aliye na mrija ndiye mwenye zamu. Sheria ya kwanza ilitungwa kwa ajili ya Bazilio, ambaye akiachiwa atakueleza mtunzi alizaliwa mwaka gani na aliugua nini. Ya pili nayo ilitungwa kwa ajili ya Bazilio.

Bazilio alipotuma muziki ule wa kanda, ule wa kwenye memori kadi yake, Therese alianza. "Bon, mie nasikia sawa mama mwenye anaita batoto barudi ku nyumba, juu mvua inakuya. Mwisho banakimbia bote. Nashusha mrija."

Vestina akafuata, kwa sauti yake kavu ya ubaoni. "Mimi nasikia darasa la kwanza kengele ya kwenda nyumbani ikilia. Mlango mmoja, watoto wote, na daftari zinaanguka. Nashusha mrija."

Anania aliwasikiliza wote wawili mara kadhaa, akiwaonea huruma. Kisha akasafisha koo. "Nyinyi mna haraka ya nini? Huyu mzee anayeongoza orkestra kwenye kanda yangu, mimi namwona. Ana mvi. Amezika watu. Akifika mwishoni hawakimbizi wale wa fidla, anawashusha taratibu, kama unavyomshusha mtoto aliyelala mgongoni ili usimwamshe. Nashusha mrija."

Bazilio alipojibu alieleza, na kwa mara hiyo alisamehewa kueleza, kwamba muziki mmoja huweza kurekodiwa na viongozi wengi wa orkestra, na kila kiongozi ana mwendo wake. Bila shaka yule mzee wa kanda ya Anania alikuwa mtu wa mwendo wa pole sana. Aliongeza kwamba katika maisha yake hajawahi kusikia aliye wa pole kiasi hicho, na Anania akaichukua kama sifa.

Tangu hapo yakawa ni malumbano yasiyokwisha kati ya Nyakitonto na Busunzu. Hata Bazilio akituma muziki mwingine kabisa, hawa wawili waliurudisha kwenye mwisho ule. Vestina alisema muziki ukifika mwisho lazima ufurahi kwamba umefika. Anania alisema anayefurahi kumaliza hakupenda kuanza. Vestina alisema hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kusahihisha mitihani. Therese alirekodi kicheko tu, akashusha mrija.

Na tuseme wazi, kwa sababu Anania mwenyewe asingesema: alikuwa amempenda yule mwalimu. Alimpenda sauti, maana sura hakuwahi kuiona; Vestina kwenye picha ya simu yake alikuwa ameweka ua. Dalili zilikuwepo. Alianza kunyoa ndevu kabla ya kurekodi sauti. Alianza kuvaa shati. Alikuwa akienda nyuma ya zizi kurudia maneno yake mara mbili tatu, akiyatamka mbele ya ng'ombe, ndipo aje kuyarekodi kama yaliyomtoka papo hapo. Ndani ya nyumba ile ya bati kulikuwa na ukimya mwingi tangu Epifania aondoke, na sauti ya Vestina ikisema "Mzee Anania, hapo umenichekesha" ilikuwa ikimtosha kupalilia shamba zima.

Naye Vestina, kwa upande wake, alizidi kumwuliza habari za yule mzee mwenye mvi. Siku moja alirekodi sauti ndefu kuliko kawaida yake. "Marehemu mume wangu, Felisiani, alikuwa mtu wa 'sawa, mama, sawa, mama,' halafu anafanya lake. Nilipostaafu, walimu wenzangu walinisifu mpaka nikajiuliza kama ni mimi ninayezungumzwa. Mtu akinikubalia haraka, namwogopa. Wewe, Mzee Anania, hujanikubalia hata mara moja, na huyo mzee wako haharakishwi na mtu. Jumamosi nakuja Kasulu. Nataka nimsikie kwa masikio yangu. Nashusha mrija."

Anania aliisikiliza sauti ile akiwa shambani, akakaa chini palepale kwenye tuta la maharage.

Walikubaliana wakutane nyumbani kwa Bazilio mjini, mchana. Jumamosi hiyo Anania alinyoa nywele, akaanika betri zake kuukuu juu ya bati kama kawaida, akaifunga redio-kaseti tupu katika shuka, akapanda bodaboda akiwa ameikumbatia kifuani, asiiachie hata kwenye mashimo. Alipofika sokoni Kasulu alimwambia kijana wa pikipiki asimame. Kumwekea mgeni aliyetoka Kibondo betri za kuanika, aliona, ni kama kumpakulia kiporo cha ugali. Akanunua betri sita mpya. Alipokuwa akizipanga mahali pake moyo ulimgonga kidogo, maana ilikuwa mara ya kwanza kuvunja sheria ya nyumba yake. "Epifania, nisamehe," alisema chini kwa chini. "Ni leo tu." Muuza duka alidhani anaombwa punguzo, akakataa.

Sebuleni kwa Bazilio, Therese alikuwa amefika tayari, kibali chake cha kutoka kambini mkobani, kitenge chake kikiangaza chumba. Vestina aliingia akiwa amebeba chupa ya asali ya kwao. Anania alikuwa amemtegemea mwanamke mrefu, sijui kwa nini, labda kwa ule ukavu wa sauti. Akaletewa mwanamke mfupi, miwani puani, viatu vyekundu vilivyopigwa rangi vizuri, anayetazama watu kama anayehesabu waliopo. Alimpenda palepale upya, tangu mwanzo.

"Mwidiwe, Mzee Anania," Vestina alimsalimu kwa Kiha, akampa mikono miwili.

"Mwidiwe, Mwalimu," alijibu Anania, na yale mengine yote aliyokuwa ameyarudia mbele ya ng'ombe yakapotea.

Redio ikawekwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Anania akabonyeza.

Tangu noti ya kwanza alijua kuna kitu. Fidla ziliingia juu mno, nyembamba, zimechangamka kama watu waliokunywa chai. Alisogea mbele kitini. Sehemu ya pili, ambayo kwake ilikuwa ya kuhema, ilipita inaimba. Ya tatu ilikuwa ngoma ya kuchezwa, na Therese aliicheza kwa mabega. Anania alianza kutoka jasho. Alimtazama Bazilio, Bazilio akatazama tai yake. Halafu ikaja sehemu ya nne, ile yake, ile ya kibarazani, na fidla zikatoka mbio. Zilikimbia mlima na bonde, tarumbeta zikizifuata nyuma, ngoma kubwa ikizihimiza, na zilipofika mwisho zilipiga kishindo cha furaha kilichotikisa vikombe kabatini. Mtoto aliyelala mgongoni alikuwa ametupwa chini na kuachwa.

Kanda ikaisha, kitufe kikaruka chenyewe, tak.

"Mzee Anania," Vestina alisema taratibu, "hii ndiyo kanda yako?"

Anania alikuwa akijiuliza kama amelogwa. Na hapo ndipo Bazilio, rafiki mwema, aliporukia kumwokoa. "Sivyo, Mwalimu. Ile kanda yake ilikatika juzi. Hii ni nyingine, tumeitafuta. Mzee aliona, mgeni anakuja kutoka mbali, basi angalau asikilize mwisho anaoupenda yeye mwenyewe. Ni heshima tu."

Ulikuwa uongo mzuri, wenye tai. Anania alihisi mlango umefunguliwa mbele yake: alihitaji kutikisa kichwa tu, naye angetoka hapo mwungwana aliyetanguliza haja ya mgeni wake. Lakini alimtazama Vestina, akaona uso wake unajifunga. Alikuwa amevua miwani na kuanza kuiweka kwenye mfuko wake, pole pole, kama mtu anayejua saa za mabasi.

"Basi sawa," alisema Vestina. "Kumbe na wewe ni wa 'sawa, mama.'"

Maneno yale yalimchoma Anania kuliko kicheko chochote. Aliigeuza redio juu chini ili asimtazame mtu, mkono wake ukagusa mlango wa betri, ukafunguka, na betri sita mpya zikamwangalia zinang'aa. Akasimama nayo mkononi. Akili yake, ambayo haijawahi kuwa na haraka, ilitoka kwenye betri ikaenda kwenye bati, ikaenda kwa Epifania, ikarudi. Yote aliyoyasema kwa miezi mingi, mvi, mazishi, mtoto mgongoni, aliyaona yamepangwa juu ya bati yanaota jua. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Angeweza bado kutikisa kichwa. Afadhali mwungwana mwongo kuliko mjinga. Ndivyo wengi wangeona, na Bazilio alikuwa akimkonyeza kwa nguvu zake zote.

"Hapana, Mwalimu," Anania alisema. "Bazilio ananisitiri. Kanda ndiyo hii hii. Sina nyingine, sijawahi kuwa na nyingine." Akaketi. "Ila kule nyumbani naisikiliza kwa betri zilizokufa. Naanika kwenye bati, nang'ata, halafu naweka. Zinaisha nguvu muziki ukiwa katikati. Leo nimenunua mpya kwa ajili yako. Kumbe mzee mwenye mvi hayupo. Hajawahi kuwepo. Mwisho ni wa mbio, kama ulivyosema wewe."

Therese ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia kwa ncha ya kitenge, ikashindikana. "Papa Anania," alisema akifuta macho, "vraiment, miezi yote ile tulikuwa tunabishana na betri?" Bazilio alicheka mpaka akalegeza tai, jambo ambalo hata Pasaka hakulifanya. Anania aliinamisha kichwa, akangoja kicheko cha tatu, kile alichokiogopa.

Kilikuja. Vestina alicheka kwa sauti nyembamba isiyofanana naye kabisa, akicheka na kukoma na kuanza tena, mpaka akalazimika kushika meza. Kisha akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akamtazama Anania.

"Betri zinajua kuchelewesha fidla," alisema. "Hilo nakubali. Lakini habari ya kumshusha mtoto mgongoni asiamke, betri ilikuambia?"

"Oya, hapana," alisema Anania. "Hiyo niliisema mimi."

"Na kwamba mzee amezika watu?"

"Mimi pia."

"Ego, ndiyo," alisema Vestina. "Basi nimemwona niliyekuja kumwona." Akaisogeza chupa ya asali mbele ya Anania, kama anayeweka alama chini ya hesabu aliyoisahihisha. "Sasa nataka kuusikia ulivyokuwa ukiusikia wewe. Hizo betri zako za zamani ziko wapi?"

"Juu ya bati, Nyakitonto. Zimeanikwa tangu asubuhi."

Vestina alimgeukia Therese. "Mama, utanisindikiza. Siwezi kwenda kwa mwanamume peke yangu, watu wana midomo." Kisha akamgeukia tena Anania. "Ni mbali?"

Sasa, ile njia ni ya vumbi mwanzo hadi mwisho, inapinda, inashuka, inavuka daraja la magogo, na kilima cha mwisho pikipiki hukipanda peke yake, abiria wakifuata kwa miguu. Bazilio alikuwa amekipanda siku ya ubatizo na bado anakisimulia. Therese alikuwa amekwenda huko kuuza vitenge, akarudi na magoti yanayouma.

Mzee Anania, aliyekuwa ametoka kusema kweli ngumu kuliko zote za maisha yake, alitazama viatu vyekundu vya mwalimu.

"Ni hapo tu," alisema.

Bazilio alianza kuchunguza dari. Therese alifungua mdomo. "Mama Vestina, ile njia..." Macho yake yakakutana na ya Anania, akaufunga, akaufungua tena. "Ile njia iko muzuri."

Vestina alikuwa amesimama mbele ya watoto miaka mingi, na uongo wa namna hiyo alikuwa ameusikia kila Jumatatu asubuhi. Alivua viatu vyake vyekundu, akavifunga ndani ya mfuko, akamwomba Bazilio amwazime ndala.